Kumzoesha Mbwa Mchanga wa Shamba Asing'ate Wala Kurukia Watu

Wakulima wa Pemba wanaofuga mbwa humfuga kwa kazi: kufukuza tumbili kwenye mihogo na migomba, na kubweka usiku mgeni anapoingia shambani. Dini haikumkataza mkulima kumweka mbwa kwa ajili ya shamba, mifugo au windo. Hata hivyo mate yake ni najisi nzito, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwa hiyo mbwa anayemparamia mzee aliyevaa kanzu akielekea msikitini, au anayevuta pindo la buibui la mama anayepita njia, hachafui nguo tu bali anamkwamisha mtu na ibada yake, na ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo. Tabia hii huzuiwa katika miezi ya mwanzo, na wa kwanza kufunzwa ni watu wa nyumbani.

Mtoto wa mbwa huanza kuota meno 28 ya utotoni akiwa na wiki tatu hivi, na kuanzia mwezi wa tatu au wa nne meno hayo hung'oka moja moja hadi apate 42 ya ukubwani, akiwa na miezi sita au saba. Wakati wote huo fizi zinamsumbua, na kila kilicho karibu hukitia mdomoni. Anapocheza na ndugu zake hujifunza kupima nguvu ya meno, maana akimng'ata mwenziwe kwa nguvu, yule hulia na mchezo hukatika. Ndiyo sababu hatushauri kumtenga na mama yake kabla ya wiki nane; anayechukuliwa mapema zaidi huja nyumbani akiwa amelikosa somo hilo.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni vijana kumchezea kwa mikono na miguu yao, wakimsukuma, wakimshika mdomo, wakimpungia ncha ya kikoi ili airukie, kisha siku akifanya hivyo hivyo kwa bibi yao anachapwa. Mbwa hawezi kuelewa tofauti hiyo. Meno yanapogusa ngozi, usivute mkono kwa haraka, kwani kinachokimbia ndicho anachokifukuza. Ulegeze mkono, nyamaza, simama na umpe mgongo kwa muda mfupi, na akiendelea ondoka umwache peke yake hadi atulie, ndipo umrudie. Badala ya mkono mpe kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa fundo na kuloweshwa maji ya baridi, naye akitafune mbele ya macho yako. Makumbi ya nazi hayafai, kwa kuwa nyuzi zake zikimezwa huweza kuziba utumbo, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Tena mbwa mchanga hulala hadi saa 18 kwa siku. Anayeng'ata ovyo jioni, baada ya kutwa nzima ya kukimbizana na watoto, mara nyingi amechoka tu na anahitaji pahali pa kimya pa kulala.

Kurukia watu ni jambo jingine. Hapo mbwa anatafuta kutazamwa na kusemeshwa, na anayemsukuma kwa mikono huku akimkemea amempa alichokitaka. Simama wima, kunja mikono, tazama pembeni; miguu yake yote minne inapokuwa chini, papo hapo msemeshe kwa upole na umpe dagaa mmoja. Nyumba nzima ifuate utaratibu huo huo, kwani mtu mmoja akimpokea kwa kicheko anaporuka, kazi ya wengine wote inapotea.

Msimu wa karafuu huleta wachumaji wengi wageni, hivyo zoezi lifanywe kabla yake. Mfunge mbwa kwa kamba kwenye nguzo, umwombe jirani aje taratibu akiwa na pakacha mkononi. Mbwa akianza kuruka, jirani asimame pale pale alipo. Akitulia, asogee hatua moja. Rudieni kila siku na watu tofauti, wakiwemo watoto waliovaa sare za skuli na wazee wenye bakora.

Wapo wanaodai kwamba mbwa asiyeng'ata hatafaa kwa ulinzi. Dai hili lina madhara makubwa. Mlinzi mzuri hubweka, husimama mahali pake na humsikiliza mwenyewe. Fimbo nayo humfundisha kuuogopa mkono wa mtu, na mbwa mwenye hofu anaweza kuuma bila hata kunguruma kwanza.

Muulize afisa mifugo wa wilaya kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa wakati. Ugonjwa huo ulirejea Pemba mwaka 2016 baada ya kutoweka kwa muda, na ukadhibitiwa tena kwa kuchanja mbwa. Jino likichubua ngozi, hata la mbwa wako mwenyewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.