Somo: Mteja Ameshakubali Bei, Sasa Anataka Kazi Ibadilike

Kotesheni imekubaliwa, arbuni imeingia kwa M-Pesa, mawe yameshavuka kutoka kisiwa cha Manda. Kazi imeshika kasi, ndipo mwenye nyumba anapanda ngazi, anashika kiuno na kusema: "Fundi, hiki choo tukisogeze chumba cha mbele." Faida ya fundi wa Lamu hupotelea hapo zaidi kuliko kwenye kupiga bei mwanzoni.

1. Kotesheni ya kwanza usiiguse. Wengi hufungua faili lile lile kwenye simu, wakafuta tarakimu na kuandika nyingine. Mwisho wa kazi fundi ana karatasi ya 557,500, mteja ana ya 480,000, na zote zina tarehe moja. Iliyokubaliwa ibaki kama ilivyo. Badiliko liandikiwe karatasi yake, "Badiliko Namba 1", likitaja ni la kotesheni gani.

2. Simamisha sehemu inayoguswa, hiyo tu. Wanaopiga lipu sebuleni waendelee. Ukisimamisha nyumba nzima, mteja ataona unamtia shinikizo.

3. Hesabu kila kitu, pamoja na siku. Tuchukue choo hicho cha ghorofani, nyumba ya mawe huko Mkomani:

Mabomba na vifaa: 38,000
Mashua kutoka Mokowe (gati ya bara) na punda hadi mlangoni: 6,500
Kubomoa kilichokwisha kujengwa: 9,000
Ufundi: 24,000
Jumla: 77,500
Siku za ziada: 6

Mstari wa pili ndio husahaulika. Mwanzoni mzigo ulikuja kwa pamoja. Sasa unalipia safari nzima kwa ajili ya mabomba manne na kona zake. Wa tatu nao watu huuonea haya, lakini ukuta ulijengwa kwa agizo la mteja na unavunjwa kwa agizo lake.

Kabla ya kumpa bei, panda ukaangalie dari. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko, na dari iliyobeba vitanda miaka yote si lazima ibebe zege na maji. Boriti zikihitaji kubadilishwa, ziingie kwenye hesabu, na usiahidi siku kabla hujajua zinapatikana. Waliokuwa na kazi mkononi Februari 2018, serikali ilipositisha ukataji wa miti, wanajua ninachosema.

Ikiwa badiliko linagusa sura ya nje, kama kutoboa dirisha upande wa njia, kuna ridhaa ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pia. Mji wa kale uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na haya si mambo ya kumalizana barazani. Andika: "Siku zitahesabiwa tangu ruhusa itoke."

4. Mwekee jumla mpya. Bei ya awali 480,000, Badiliko 1 ni 77,500, jumla sasa 557,500. Usimwachie ajumlishe mwenyewe.

5. Sahihi kwanza, nyundo baadaye. Pesa ya vifaa vya badiliko ilipwe yote kabla hujanunua. Ya ufundi yaweza kungoja.

Hata ukiamua kumfanyia bure, kama kuongeza rafu moja, andika karatasi na bei iwe 0. Bure isiyoandikwa husahaulika, halafu ya pili nayo hudaiwa bure.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mwenye nyumba yuko Ujerumani, hapa kuna msimamizi wake. Msimamizi akiagiza, nifanye?*

Marahaba. Muulize mwenye nyumba mwanzoni kabisa: msimamizi anaweza kuidhinisha hadi shilingi ngapi? Jibu liingie kwenye kotesheni. Linalozidi hapo, mtumie mwenyewe karatasi kwa WhatsApp, naye ajibu "Nimekubali Badiliko Namba 1, 77,500, siku 6". Emoji ya kidole gumba peke yake usiitegemee.

*Kaka, mimi wangu anapunguza. Hataki tena rangi ya sebule, 18,000, na rangi nishanunua.*

Nalo ni badiliko, lipe namba. Duka likikubali kuipokea tena rangi, mpunguzie zote. Ikiwa imeshachanganywa, mkabidhi makopo na risiti, umpunguzie ufundi peke yake.

*Tumebandua lipu, ndani mawe yamekula chumvi, yanamomonyoka. Mteja hakuagiza kitu, nani alipe?*

Inategemea kotesheni yako ilisema nini. Kwa nyumba kuukuu weka mstari huu tangu mwanzo: "Bei ni ya kinachoonekana, kitakachofichuka kitapewa bei yake." Kama haumo, piga picha leo hii ukuta ukiwa wazi, mwite aje aone kwa macho, mpe bei ya ukuta huo peke yake. Usiuzibe kabla hajajibu, hata vibarua wakikaa bure asubuhi nzima.

*Na mteja akikataa kutia sahihi, lakini anasema "wewe endelea tu, tutaelewana"?*

Endelea na kazi ya kotesheni ya kwanza.