Kuivuka Kiu ya Sigara: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeacha Kuvuta

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya kifua kikuu mjini Tanga, mahali ambapo suala la sigara haliepukiki, kwa kuwa mapafu yaliyokwisha kushambuliwa na ugonjwa huo hupona kwa shida zaidi yakiendelea kupokea moshi. Karibu kila mvutaji ninayempokea anajua tayari kwamba sigara inamdhuru. Anachokosa ni njia ya kuzivuka zile dakika chache ambazo mwili wote unadai sigara na akili nayo inamtafutia sababu za kukubali. Mwongozo huu unahusu dakika hizo: zinatoka wapi, zinadumu muda gani, na mtu azipitishe vipi bila kuvuta.

Fahamu kwanza kiu yenyewe

Nikotini inayovutwa pamoja na moshi hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo ndiyo inayoifanya sigara imnase mtu kwa uthabiti mkubwa. Kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo mvutaji aliyezoea hulazimika kuongeza mara kwa mara ili asianze kusumbuka. Anapoacha, huja hasira za haraka, wasiwasi, usingizi wa kukatikakatika, njaa na kushindwa kutuliza mawazo. Hali ambayo vijiweni huitwa arosto. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha hupungua sana kati ya wiki ya pili na ya nne.

Lakini nikotini pekee haielezi kila kitu, na wavutaji wa pwani wana ushahidi wa jambo hili wanaouishi kila mwaka. Mtu ambaye siku za kawaida hamalizi saa moja bila kuvuta, Ramadhani ikiingia hukaa tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 na zaidi, akafanya kazi zake na kuswali bila kutetereka. Ugumu humshika katika robo saa ya mwisho, pale anapokuwa ameketi anasubiri adhana huku pakiti iko mfukoni. Mwaka 2010 watafiti wa Israeli walichapisha matokeo yanayofanana sana na hayo, baada ya kuwafuatilia wahudumu wa ndege wanaovuta sigara katika safari fupi na safari ndefu. Kiu yao ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, na mwisho wa safari fupi ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa katika saa ileile ya safari ndefu, ingawa muda waliokaa bila kuvuta ulikuwa sawa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye msingi wa kazi yote. Kiu ya sigara hulifuata tumaini la kuipata. Anayejiambia asubuhi kwamba atavuta moja tu jioni, ameilisha kiu yake mchana kutwa. Anayejua kwamba jioni haitakuwapo hata moja atasumbuka, lakini usumbufu wake utakuwa na mwisho. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa kuzingatia jambo hilo.

Hatua ya kwanza: Chunguza kwa siku tatu, kisha ukate mara moja

Siku tatu kabla ya kuacha, vuta kama kawaida yako, lakini kila sigara uiandike katika daftari dogo: saa ngapi, mahali gani, ulikuwa na nani na ulikuwa unafanya nini. Usijaribu kupunguza. Wengi hugundua kwamba sigara zao nyingi zimefungamana na mambo manne au matano yanayojirudia, kama vile kikombe cha kwanza cha kahawa, kumaliza kula, kusubiri gari lijae, ugomvi wa nyumbani au mazungumzo ya usiku. Orodha hiyo ndiyo ramani yako, kwa sababu kiu itakuja mahali hapohapo na saa zilezile.

Baada ya hapo, acha kabisa kwa siku moja uliyoichagua. Wapo wanaopenda kupunguza kidogo kidogo, nami siwakatazi, lakini utafiti uliofanywa Uingereza kwa wavutaji 697 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba, baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mara moja walikuwa bado hawavuti, ikilinganishwa na asilimia 39 hivi ya waliopunguza kwanza.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, ondoa pakiti, vipisi, kiberiti na kisahani cha majivu, na ufue nguo zinazonuka moshi. Kwetu, hata hivyo, kutupa pakiti hakutoshi, kwa kuwa sigara huuzwa moja moja katika kila kibanda na hakuna anayelazimika kununua pakiti nzima ili arudi nyuma. Nenda mwenyewe kwa muuzaji wako wa kila siku, mwambie umeacha, na umwombe asikuuzie hata ukimsihi. Nimeshuhudia wauzaji wakilitimiza ombi hilo kwa uaminifu mkubwa. Ikiwa unaona haya kumwambia, badili njia ya kwenda kazini kwa mwezi mmoja.

Hatua ya pili: Tafuta msaada wa dawa mapema, ikiwa unavuta sana

Anayevuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka ana utegemezi mkubwa wa nikotini, na namshauri asitegemee ujasiri peke yake. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani limependekeza bidhaa mbadala za nikotini, yaani vibandiko vya ngozi na chingamu, pamoja na dawa za vareniklini, bupropioni na sitisini. Hazipatikani katika kila duka la dawa, kwa hiyo anza kuulizia katika maduka makubwa ya mjini kabla ya siku ya kuacha. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye kifafa wazungumze na daktari kwanza. Bupropioni, kwa mfano, haimfai mtu mwenye kifafa.

Chingamu ya nikotini huharibiwa na namna watu wanavyoitafuna. Haitafunwi kama chingamu ya dukani. Itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha uiweke kati ya shavu na ufizi na uiache hapo mpaka ukali uishe, ndipo uitafune tena kidogo. Kipande kimoja kinakaa kinywani kwa takriban nusu saa. Usinywe kahawa, soda wala juisi ya matunda robo saa kabla ya kuitumia na wakati ikiwa kinywani, kwa sababu vinywaji hivyo huzuia nikotini isipenye kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Anayeitafuna haraka huimeza nikotini, akapata kwikwi na kichefuchefu, kisha husema dawa haifai.

Ugoro, kuberi na shisha haviingii katika orodha ya dawa. Anayeviendea ili aache sigara anabaki na uraibu uleule.

Hatua ya tatu: Kiu ikija, iangalie saa

Hii ndiyo sehemu ninayoitumia muda mwingi zaidi na wagonjwa wangu. Kiu inayoamshwa na mahali au tendo fulani hupanda, hufika kileleni na kushuka, mara nyingi ndani ya dakika tatu hadi tano, uvute au usivute. Mvutaji hajawahi kuliona hilo, kwa sababu kila mara ameizima kwa sigara kabla haijashuka yenyewe, na hivyo anaamini kwamba isingeisha kamwe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliilinganisha hali hii na wimbi linalopandwa mpaka livunjike, na watu wa Tanga hawahitaji kufafanuliwa mfano huo: nahodha wa ngalawa hapigani na wimbi, hulielekezea chombo akasubiri lipite chini yake.

Kwa hiyo, kiu ikija, jambo la kwanza ni kutazama saa na kutaja kimoyomoyo kinachotokea: "Kiu imeanza saa nne na dakika kumi." Jambo la pili ni kuondoka mahali ulipo. Hata hatua mia moja za mwendo wa haraka husaidia, na imethibitishwa mara nyingi kwamba matembezi mafupi ya kasi huishusha kiu. Asiyeweza kuondoka, kama dereva aliye barabarani, afungue dirisha, abadili mkao na kunywa maji kwa mafunda madogo madogo.

Jambo la tatu ni pumzi. Sehemu ya utulivu ambao mvutaji anaupata hutokana na kuvuta hewa kwa kina na kuitoa taratibu, tendo ambalo pengine halifanyi wakati mwingine wowote wa siku. Vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka sita, na urudie mara kumi. Wakati huo ichunguze kiu inapokaa mwilini: wengine huisikia kooni, wengine kwenye taya, wengine katika vidole viwili vilivyozoea kushika sigara. Usibishane nayo. Ukianza kujadiliana kama moja inaruhusiwa au hairuhusiwi, umeshalifungulia mlango lile tumaini nililolieleza.

Mkono na mdomo navyo vina mazoea yao. Mswaki wa mti ni kifaa bora kuliko vyote ninavyovijua, kwa sababu unashikwa kwa vidole vilevile, unakaa mdomoni kwa muda mrefu na unaacha ladha ambayo sigara ingeiharibu. Punje ya karafuu au kipande chembamba cha tangawizi mbichi pia hufaa. Pipi nazipendekeza kwa kiasi, kwani wanaoacha huongezeka uzito, kwa wastani kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na ni afadhali kutafuna karoti au tango.

Mlinzi mmoja wa usiku aliniambia kwamba sigara ndiyo iliyokuwa saa yake: moja kila baada ya saa moja, ili asisinzie. Kumwambia anywe maji kusingemfaa kitu. Tulikubaliana kwamba kila ifikapo saa kamili atauzunguka ua wote mara mbili na kumulika kila kufuli kwa tochi, na baada ya majuma mawili kazi hiyo ilikuwa imechukua nafasi ya sigara. Rudi kwenye daftari lako na uliwekee kila jambo lililoandikwa humo tendo mahususi la namna hiyo, kabla kiu haijaja.

Hatua ya nne: Punguza kahawa kwa nusu

Wengi huruka hatua hii kwa sababu hawajawahi kuelezwa. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuivunja kafeini, yaani kichangamshi kilichomo katika kahawa na chai, kwa hiyo mvutaji huhitaji vikombe vingi zaidi ili kahawa imkolee. Akiacha kuvuta, kasi ya ini hurudi chini ndani ya siku chache, na vikombe vilevile alivyovizoea humwachia kafeini nyingi zaidi mwilini. Mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio, usingizi hupotea, naye hudhani arosto imezidi na kwamba ameshindwa. Kama ulikuwa unakunywa vikombe sita vya kahawa chungu kwa siku, kunywa vitatu, na chai ya rangi nayo uipunguze.

Mabadiliko hayo ya ini huzihusu pia baadhi ya dawa, zikiwamo aminofilini inayotumiwa na wenye pumu na olanzapini inayotumiwa na wenye magonjwa ya akili. Anayetumia dawa hizo amjulishe daktari wake kwamba anaacha sigara, ili kipimo kiangaliwe upya.

Hatua ya tano: Jiandae kwa baraza

Sigara kwetu ni sehemu ya ukarimu. Mtu hukunyooshea pakiti kabla hujamaliza kusalimu, na kukataa huonekana kama kujitenga. Nakushauri ukae mbali na baraza la wavutaji kwa wiki mbili, na ukirudi uende na jibu lililokwisha kutayarishwa. Sema, "Nimeacha, ndugu yangu, ahsante." Usiseme kwamba unajaribu kuacha au kwamba leo huvuti, maana maneno hayo humwalika mwenzako akushawishi, na wewe yanakukumbusha kwamba kesho ipo. Akiwa ni mzee unayemheshimu, mwamkie, pokea kahawa yake, na umwambie kwa upole kwamba umekatazwa na kifua chako; sijaona mzee aliyeendelea kusisitiza baada ya hapo.

Mirungi na pombe ni hatari zaidi kuliko baraza lenyewe. Watumiaji wengi wa mirungi huvuta sigara mfululizo wanapotafuna, na pombe huulegeza uamuzi saa ileile ambayo sigara iko karibu. Kwa mwezi wa kwanza, viache vyote viwili.

Hatua ya sita: Ukiteleza

Huenda ikatokea msibani, usiku wa manane, ukajikuta umevuta moja kabla hujafikiri. Usiimalize. Usinunue ya pili, na usijipangie kuanza upya Jumatatu, kwa sababu siku zilizo kati ya leo na Jumatatu zitajaa ruhusa. Ikiwa ulikuwa unatumia chingamu au kibandiko, endelea navyo kama kawaida. Mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo, mke, mume, rafiki au muuguzi wako, kabla aibu haijageuka kuwa siri. Kisha fungua daftari lilelile la siku tatu za mwanzo, andika saa, mahali, uliyekuwa naye na ulichokuwa unafanya, na pembeni yake uandike utakachofanya mahali hapo mara nyingine.