Pindua simu unapopiga picha treni ya mfano

Picha nyingi za treni za mfano huonekana kama vitu vya kuchezea kwa sababu zimepigwa kutoka juu. Pindua simu, kamera iwe upande wa chini, kisha isimamishe kando ya reli ukiiegemeza kwenye kipande cha mbao. Katika skeli ya HO (1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87), mtu wa mita 1.7 ana kimo cha sentimita 2 hivi, na lenzi sasa iko karibu na kimo hicho, kwa hiyo kichwa cha treni kinakujia kama umesimama stesheni. Weka simu sentimita 30 hivi kutoka kwenye treni, ukate picha baadaye. Ukisogea karibu zaidi, mbele ya injini inatoka safi na mabehewa yanabaki ukungu. Tumia taima ya sekunde 3 simu isitikisike. Ukiiweka juu ya reli zenyewe zima umeme kwanza, maana fremu ya metali ya simu huunganisha reli mbili na kuleta shoti. Kwenye skeli ya N (1:160) mbinu inalegea: kimo cha mtu huyo ni sentimita 1 tu, na lenzi inabaki juu yake. Inaharibika kabisa kama nyuma kuna ukuta mtupu wenye soketi, kwani kutoka chini vyote vinaingia pichani.