Wakikwambia ni Rigby, uliza ni Rigby ya nani

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini, sasa nimestaafu, nakaa Bombo, Uganda. Kijana wa Moroto alinipigia: "Mzee, marehemu babu ametuachia Rigby halisi." Rigby ni kampuni ya kutengeneza bunduki, na bunduki zake huitwa kwa jina hilo. Huku Karamoja, eneo la Moroto, jina hilo lina uzito, maana Bell, mwindaji wa ndovu wa mwanzoni mwa karne ya 20, aliipenda sana bunduki yao ya .275 Rigby.

Nilimuuliza kwanza habari za cheti cha kumiliki bunduki. Cheti alichokuwa nacho marehemu hakimlindi mrithi. Nenda polisi kabla hujagusa kitu, kisha hakikisha chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ni tupu.

Halafu jua historia. Rigby ilianza Dublin mwaka 1775, baadaye ikawa ya London. Mwaka 1997 iliuzwa Marekani, bunduki zikatengenezwa Paso Robles, California. Mwaka 2013 ikarudi London chini ya kundi lile lile linalomiliki Mauser, kampuni ya bunduki ya Kijerumani. Kwa hiyo ya California si ya kughushi, jina lilinunuliwa kihalali. Ila anayekuuzia hiyo kwa bei ya bunduki ya mwaka 1910 anakuibia.

Ukikuta neno Mauser kwenye chuma, usishtuke. Wengi hapo hukata tamaa, na wanakosea. Rigby walikuwa wakala wa Mauser Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na .275 yenyewe ni risasi ya Mauser ya milimita 7 kwa 57. Tatizo ni kwamba hilo humrahisishia tapeli kazi: anachukua Mauser ya jeshi, anasaga nembo, anachonga jina jipya. Shika bunduki upande kwenye mwanga wa dirisha, utazame juu ya chemba. Chuma kilichosagwa kina bonde, mwanga huvunjikia hapo. Linganisha namba ya bolti, kile chuma kinachosogezwa kufunga chemba, na namba ya mwili wa bunduki. Tafuta pia alama za majaribio kwenye mtutu, kwa sababu sheria ya Uingereza haikuruhusu mtutu kuuzwa bila kujaribiwa. Ukiambiwa bunduki ni ya London ya zamani na haina alama hizo, toa pesa yako mfukoni polepole sana.

Usipake dawa ya kung'arisha wala usipige msasa, tafadhali! Kusugua kunafuta ushahidi wote.

Mwisho andika namba ya bunduki uwatumie Rigby wenyewe. Bado wana madaftari yao ya zamani. Kijana nilimwambia aandike namba peke yake, asitaje hadithi ya babu, ili daftari liseme lenyewe.