Kabla Hujaanza Kukusanya Data za Tasnifu

Mwanafunzi akija na mada ya Vita vya Majimaji, vile vya wenyeji wa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani, kwanza namuuliza: unataka kujua nini hasa? Jibu lake ndilo linaloamua aende maktaba, nyaraka au kijijini.

Kamusi elezo na vitabu vya marejeo vipe siku mbili tu. Vitakupa miaka, 1905 hadi 1907, pamoja na majina ya watu na mahali, basi. Kisha ingia kwenye vyanzo vya upili, yaani vitabu na makala za wanahistoria, na tanbihi zake uzisome kwa makini kuliko matini, maana humo ndimo utakamoona mwandishi alichota wapi. Chukua idadi ya waliokufa. Wajerumani walikadiria 75,000. Wako wanahistoria waliofikia 250,000 hadi 300,000, wakiwahesabu na walioangamizwa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Usishike tarakimu yoyote kabla hujajua nani alihesabiwa na nani aliachwa.

Vyanzo vya awali, yaani maandishi na sauti za waliokuwapo wakati ule, ndipo wengi wanapokwama. Majalada ya utawala wa Kijerumani yamo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengine yako Berlin. Hata ukiwa unajua Kijerumani, mengi yameandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani inayowashinda hata Wajerumani wa leo: herufi e yake unaweza kuapa ni n. Jizoeze kuisoma ukiwa bado nyumbani. Na yaliyomo ni macho ya mtawala; Mmatumbi aliyeng'oa pamba aliyolazimishwa kulima, tendo lililowasha vita, hakuandika ripoti.

Sauti yake iko kwenye simulizi. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwarekodi wazee waliokuwa wangali hai, na kazi ile ni hazina, itafute mapema. Leo ukifika Nandete, kijiji cha Wamatumbi vita vilikoanzia, utakaa na wajukuu na vitukuu. Wasikilize kwa heshima, ila ujue wanakupa namna vita vinavyokumbukwa, ambalo ni swali jingine kabisa.

Kibali cha utafiti kianze kufuatiliwa miezi kadhaa kabla ya safari, kwani barua hupita mkoani na wilayani ndipo imfikie mtendaji wa kijiji. Na kila ukurasa unaopiga picha, piga kwanza jalada la nje lenye namba yake. Picha mia tatu zisizo na namba za majalada hutaweza kuzinukuu, na itabidi urudi tena.