Kutoa au kuweka? Namna ya kushika simu mbele za watu

Nina kibanda cha wakala wa pesa za simu Mafiati, hapa Mbeya, mwaka wa tisa sasa. Dirisha langu ni dogo, linapitisha mkono na nusu ya uso. Siku moja ya Julai, baridi ile ya kuvaa makoti mawili, nilikuwa nimeinamia simu naangalia video ya mtu anasuka nywele. Akaja mteja. Sikuinua macho.

"Kutoa au kuweka?"

"Kutoa."

"Kiasi gani?"

"Mkungu mmoja."

Ndipo nikainua kichwa. Baba yangu mdogo, katoka Tukuyu na gari ya asubuhi, mkungu wa ndizi begani, kofia mkononi. Alikuwa ameshanisalimia mara mbili. Jirani yangu wa chipsi alikuwa anautazama mchezo mzima. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatua ndizi, akakataa chai. Mzee wa Kinyakyusa akikataa chai kwa binti yake, jua una kesi.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, na kwa kuwa naona watu na simu zao kuanzia saa moja asubuhi, naona si vibaya nikiuandika. Wenyewe unaanzia hapa: kuingia kwenye simu ni kutoka nje. Ukiwa na mgeni sebuleni huinuki tu ukaondoka, unaaga. Na kwenye simu aga vilevile. "Samahani baba, kuna ujumbe wa mteja, dakika moja." Ukishasema hivyo hakuna atakayenuna, hata hiyo dakika ikiwa tano. Anayeudhi ni yule anayetoweka huku amekaa palepale.

Ila usiage kabla ya salamu kwisha. Huku kwetu salamu haina njia ya mkato: ugonile, habari za nyumbani, watoto, shamba, mvua. Iringa nako ukiambiwa kamwene, ujue ndiyo kwanza mlango umefunguliwa. Yote hayo hayafiki dakika mbili. Laza simu kifudifudi, maana kioo kikiwaka jicho litakimbilia huko lenyewe. Ikiita, bonyeza kitufe cha pembeni inyamaze, bila kuitazama. Anayepiga atapiga tena. Aliyetoka Tukuyu kwa nauli yake harudii.

Dirishani kwa wakala nitakawia kidogo, ndiyo kazi yangu. Simu ikikuita katikati ya muamala, usiipokee. Menyu inakatika, tunaanza upya, na foleni nyuma yako inaguna. Ikiwa ni lazima, sogea pembeni mpe mwenzako nafasi, kisha urudi mwisho, siyo mwanzo. Halafu namba ya siri. Kuna mama mteja wangu wa siku nyingi, akisahau miwani huniambia kwa sauti ya kanisani: "Mwanangu nibonyezee, ni mwaka aliozaliwa kifunga mimba wangu." Foleni nzima inamjua huyo kifunga mimba, anauza vocha hatua kumi kutoka hapo. Bonyeza mwenyewe, simu ikiwa karibu na kifua. Miwani ukiisahau, rudi nayo kesho. Mimi namba yako siihitaji na sitaki kuijua. Na ninyi mnaosubiri, rudini hatua moja, mwangalie barabarani, kuna mambo mengi ya kuangalia Mafiati.

Ukipata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usisimame hapo kuusoma kwa sauti na kuomba ushauri wa foleni. Usimjibu. Peleka namba yake kwenda 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea taarifa za matapeli.

Kwenye gari shida ni sauti. Juni mpaka Agosti madirisha yote yamefungwa kwa baridi, kelele haina pa kutokea. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita kama 830, siku nzima mko pamoja. Niliwahi kukaa na kijana aliyefungulia mahubiri kwa laudspika toka Uyole mpaka Makambako. Nayapenda mahubiri, lakini siyo yale yale mara tatu. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, hedifoni zimeharibika? Chukua zangu." Akazikataa, ila sauti akaishusha mwenyewe. Njia hiyo naipendekeza kuliko kufoka, maana ukifoka konda ataingilia na safari itageuka baraza. Wewe ukipigiwa, sema "nipo kwenye gari, nikishuka nitakupigia," ukate. Kama umeuza mpunga wako wa Usangu, usiseme magunia mangapi wala hela iko wapi. Siti ya nyuma nao wana masikio. Na usidanganye umefika Uyole wakati konda anaita "Mbalizi, Mbalizi!" Unayemdanganya anamsikia konda vizuri kuliko anavyokusikia wewe.

Ukitembea, usitembee nayo usoni. Mwanangu alinisomea habari ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Washington, Marekani. Walimpitisha mchekeshaji wa sarakasi kwenye uwanja wa chuo, kavaa nguo za rangirangi, yuko juu ya baiskeli ya gurudumu moja. Waliokuwa wakiongea na simu walipoulizwa kama wamemwona, ni robo tu waliosema ndiyo. Sasa pale Kabwe hakuna mchekeshaji, kuna bajaji na malori ya Tunduma. Simama pembeni, maliza, ndipo uvuke.

Msibani ndipo simu inapoumiza watu zaidi. Zima sauti ukiwa bado njiani, na usiweke mtetemo, kwa sababu juu ya benchi la mbao mtetemo unasikika kuliko mlio. Usipige picha jeneza wala wanaolia mpaka umemwuliza msemaji wa familia. Mara nyingi kuna mtu mmoja ameshapewa kazi hiyo, na ndugu walio mbali watatumiwa za kwake. Lakini kubwa ni stetasi. Rafiki yangu alijua mama yake amefariki kwa kuona picha ya mama na mshumaa kwenye stetasi ya jirani wa nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi, yuko Dar, peke yake, anafungua duka. Huku kaka zake walikuwa bado wanashauriana nani ampigie na nani awe karibu naye wakati anaambiwa. Alisema kitu ambacho hakijanitoka: aliuona ule mshumaa, akafikiri mama ana sherehe ya kuzaliwa.

Nilipokuwa mdogo, habari ya msiba ililetwa na mtu. Anafika, anakaa, anaomba maji. Hakuwa na kiu. Alikuwa anakupa nafasi ya kukaa na wewe. Basi kwa simu fanya hivyohivyo: usiweke chochote mpaka umeona mwanafamilia mwenyewe ameweka, au tangazo limesomwa kanisani. Ukilazimika kuwa wewe ndiye mpelekaji, piga, usiandike, na uulize kwanza, "Uko na nani hapo?"

Sokoni ni fupi. Wamama wa Sokomatola na Mwanjelwa si mandhari. Ukitaka picha ya viazi na parachichi zao, salimia, omba, nunua hata fungu moja. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, ila hata kabla ya sheria hiyo mama muuza viazi alikuwa na njia yake ya kukukataza, na viazi vya huku ni vizito.

Nimebakiza wazee, maana watu husema simu imeharibu vijana tu. Baba mdogo sasa anayo ya kupangusa, wajukuu walimchangia. Ujumbe wa sauti anausikiliza kwa sauti yote, popote alipo, na kuujibu kama yuko ng'ambo ya mto. Mzee usimwambie "punguza". Mwambie, "Baba, naona chaji inaisha, niletee niichomeke hapa." Ukishaishika, shusha sauti huku unatafuta waya. Akija kibandani nafanya hivyo kila mara, na mpaka leo anaamini umeme wa Mafiati una nguvu ndogo kuliko wa Tukuyu. Chai siku hizi anakunywa, vikombe viwili.