Kabla hujapanda milima ya Albania kwenda kufundisha Kiingereza

Niseme ukweli tu, kufundisha kwenyewe ndo kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuishi ndani ya nyumba ya watu miezi kadhaa, njia imejaa theluji, na wewe ni mgeni. Watu wengi wanajiandaa kinyume, begi limeshiba vitabu vya grama na kadi za picha, afu mtu anashuka kwenye furgoni, yani daladala ya kule, amevaa raba za mjini.

Mi nilikuwa upande wa Tropojë, kaskazini kabisa karibu na mpaka wa Kosovo. Kijiji sikitaji, nyumba zenyewe ni za kuhesabu na wenyewe watajulikana.

Anza na karatasi. Albania haipo Umoja wa Ulaya wala Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na pasi ya Tanzania au Kenya inahitaji visa. Ila kama una visa ya Schengen ya kuingia mara nyingi na umeshaitumia, au una kibali cha kuishi nchi za Schengen, unaruhusiwa kukaa Albania siku 90 ndani ya 180. Sheria hizi hubadilika kwahiyo kacheki mwenyewe kabla hujalipa tiketi. Na chukua cheti cha tabia njema toka polisi. Taasisi inayokupeleka kukaa na watoto wa watu afu haijakuuliza hicho cheti, mi ningeikimbia.

Sasa baridi. Shule zinafunguliwa Septemba na hapo bado pazuri, unapita ziwa la Koman kwa kivuko, milima imesimama kulia na kushoto, unapiga picha mpaka chaji inaisha. Usidanganyike. Winta ikikolea nyumba nzima inahamia chumba kimoja chenye jiko la kuni, hapo hapo mnapika, mnakausha soksi, watoto wanafanya homuweki, babu kasinzia pembeni, na chumba chako cha kulala ni friji. Beba begi la kulalia la maana, chupa ya mpira ya maji ya moto, tochi ya kichwani na pawabenki mbili. Kinachochekesha ni kwamba umeme unaozalishwa Albania sehemu kubwa ni wa maji, na mabwawa makubwa yako huko huko kaskazini kwenye mto Drin, lakini theluji ikiangusha waya mnakaa gizani kama kawaida. Dawa zako beba za muda wote, usitegemee kushuka mjini. Soksi beba nyingi na zisiwe na matundu, maana viatu vinavuliwa mlangoni kila nyumba, na hakuna aibu kama kidole gumba kuchungulia mbele ya wazee.

Pesa ni lek, kama 100 kwa yuro moja. Serikali ilikata sifuri moja mwaka 1965 na mpaka leo watu wanataja bei kwa hesabu ya zamani. Muuza duka akisema elfu tano anamaanisha mia tano. Siku ya kwanza nilitoa elfu tano nzima kwa mkate, jibini na sabuni, yule baba akanirudishia chenji huku ananionea huruma.

Darasani watoto ni wachache na mara nyingi madarasa yanachanganywa, wa miaka saba na wa kumi wako na mwalimu mmoja, kwahiyo lile somo lako zuri la dakika 45 kwa rika moja halitafanya kazi. Andaa michezo na hadithi. Matamshi wana bahati kama sisi, th na dh wanazo kwao, huna haja ya kumtolea mtu ulimi. Shida ni w, hawana, dirisha linageuka "vindow". Afu kuna kichwa. Kwa mila yao kutikisa kichwa kulia na kushoto ndo kukubali, nilirudia somo moja mara tatu nikidhani hawajaelewa, kumbe wananiambia tumeelewa mwalimu tuendelee!

Jifunze Kialbania kidogo, faleminderit ya kushukuru, po ni ndio, jo ni hapana. Maneno ya Kiarabu yaliyowafikia kupitia Waturuki yatakushangaza, duka ni dyqan, hesabu ni hesap, na asiyejua kitu anasema s'kam haber, yani sina habari, neno kwa neno.

Kuna jambo halisemwi sana. Vijana wengi wa kule wanataka Kiingereza ili waondoke, binamu yupo London, kaka yupo Ujerumani, na shule inazidi kuwa tupu. Unamfundisha mtoto lugha ya kukihama kijiji. Mi sikupata jibu lake, ila jiulize mapema isije ikakukuta katikati ya Januari.

Wao wanasema nyumba ya Mualbania ni ya Mungu na ya mgeni, na hawatanii. Kahawa utapewa asubuhi kila nyumba, na raki, pombe kali yao, pembeni yake. Kama hunywi pombe weka mkono kifuani, shukuru, basi, hakuna atakayekasirika, ila chakula usikatae. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe hupewi hata ukikaa mwaka, inabidi ulinyang'anye mwenyewe. Wiki tatu nzima mama mwenye nyumba alinipokonya kuni mikononi kila nikizishika. Wiki ya nne theluji ilimfika magotini, akanitazama mlangoni, akanipa glavu za marehemu mumewe na akaniambia zizi liko kule, anza na ng'ombe.